Mwaka Tuliomsubiri Chausiku

Shangazi Mwanaidi amehamia Korogwe kwa mwanawe Rajabu, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma huko Manundu, na chumba alichopewa kina dirisha linalotazama barabara ya vumbi wanakopita wachukuzi wa mchanga. Nilimkuta hapo mwezi uliopita nikitokea mnadani, mzigo wangu wa mitumba nimeuacha stendi kwa mtu ninayemwamini kiasi. Aliipokea shikamoo yangu, akanionyesha kiti, kisha akanyoosha kidole dirishani. "Mwone yule," akasema. "Bado mtoto." Nilidhani ananionyesha jirani. Alikuwa ananionyesha punda aliyefungwa mkokoteni, shingo nyembamba, kiuno kimepanda juu kuliko mabega kama wanavyokuwa punda ambao hawajamaliza kukua. Mke wa Rajabu akacheka, akaniambia mama anashinda hapo kutwa nzima akiwakadiria umri punda za watu, na siku nyingine huwaita wenye mikokoteni dirishani kuwagombeza, nao humsalimu kwa heshima na kuendelea na safari zao.

Tulikunywa chai ya tangawizi na vitumbua, tukaanza kubishana kama kawaida yetu. Shangazi anashikilia kwamba punda wetu Chausiku alisubiriwa kwa sababu yeye, Mwanaidi, alikuwa na akili tangu mwanzo. Mimi nilikuwepo. Akili ile ilikuja, lakini ilichelewa njiani, na ilipitia kwanza korongoni. Nimekaa miji mingi tangu wakati ule. Nimeuza viatu Babati, nimepika machimboni, nimepanga vyumba Singida na Ifakara na kuvihama kabla sijazoea mlango unafungukia upande gani. Watu huniuliza natafuta nini, nami nawatajia mji unaofuata. Lakini mwaka ule wa Mkata ninaukumbuka sufuria kwa sufuria, na kila ninapomwona mtu anaharakisha jambo changa, liwe mche, biashara au mtoto, ninarudi kwenye mgahawa wa shangazi na kusikia madumu yakigongana.

Nilifika kwake Mkata mwezi wa kumi na moja, vuli ikiwa imeanza, nimemaliza kidato cha nne na ninasubiri matokeo. Mgahawa ulikuwa kando ya barabara kuu, nguzo za miti na bati kuukuu, kuta za mabanzi zimeishia kifuani ili upepo upite na moshi upate pa kutokea. Nyuma palikuwa na chumba kimoja tulicholala wote wawili kati ya magunia ya unga. Ukuta uliokigawa chumba na mgahawa ulikuwa wa mbao zisizokutana vizuri, kwa hiyo kila neno lililosemwa kwenye meza ya mwisho lilinifikia nikiwa nimekaa kitandani nachambua maharage. Asubuhi tuliuza chai na mihogo ya kuchemsha kwa kachumbari ya pilipili. Mchana ndiyo ilikuwa kazi yenyewe: ugali, maharage ya nazi, mchicha, na siku za neema nyama ya kukaanga. Madereva wa malori waliacha vibanda vingine na kuja kwake kwa sababu ya jambo moja, nalo ni usafi. Shangazi aliosha kila bakuli kwa maji mawili, ya sabuni na ya kusuuzia, na mteja alinawa kwa maji yanayomiminwa, si kwa kuchovya mikono kwenye beseni walimoichovya wenzake. Sifa hiyo ilikula maji kuliko kitu kingine chochote.

Maji yaliletwa na Bi Mkubwa. Alikuwa punda jike mzee, sikio moja limechanika, anayebeba madumu manne na kuijua njia ya kisimani kuliko mimi. Nyuma yake alifuata binti yake, Chausiku, aliyezaliwa usiku wa mvua na kupewa jina la mtu bila mtu yeyote kuona ajabu. Chausiku alikuwa amekwishaacha kunyonya zamani, amenenepa, manyoya yanang'aa, na hakuwa na kazi yoyote duniani. Alitembea na mama yake kwenda na kurudi, akisimama kula majani anapotaka, kisha akitimka kumfikia.

Kila aliyekula pale alikuwa na maoni juu ya Chausiku. Dereva mmoja wa Tanga alikuwa akisema injini mpya haifungiwi gereji, huiva barabarani. Fundi wa pancha aliona kwamba mnyama akizoea kula bure hatakubali kazi tena, na akatoa mfano wa shemeji yake. Wengine walisimama kabisa, wakaenda kumkandamiza mgongo kwa kiganja, wakarudi mezani na kutangaza kuwa yuko tayari. Kisha, kwa pumzi ileile, walinigeukia mimi. Binti kamaliza shule, anasubiri nini, kuna kijana fulani ana pikipiki. Shangazi alilijibu la punda na la kwangu akaniachia mwenyewe. La punda alilijibu hivi: Bi Mkubwa bado ana nguvu, huyu mwacheni ale.

Mtu mmoja tu hakuwa akimkandamiza Chausiku mgongo. Alikuwa mama wa Kimasai aliyetuletea maziwa kila asubuhi, rika moja na shangazi, na sote tulimwita Yeyo, ambalo kwao ni mama. Nilimwamkia "Takwenya", akajibu "Iko", kisha akaweka kibuyu chini, akakaa na kunywa chai yake bila kukaribishwa, maana alikuwa mtu wa pale. Kwao punda ni mali ya wanawake. Mwanamume ana ng'ombe zake, lakini boma likihama ni mke anayepakia nyumba juu ya punda, kwa hiyo mgongo wa punda ni jambo la jikoni kama chungu. Asubuhi moja alimshika Chausiku mdomo, akaufungua kwa kidole gumba na kutuita tuone. Meno mawili ya katikati yalikuwa mapya, mapana. Ya pembeni yalikuwa bado ya utoto, madogo na meupe. Yeyo akaeleza kwamba punda hukua miguu kwanza na mgongo mwisho, ndiyo maana watu hudanganyika, wanaona kimo wakadhani ni nguvu. Avalishwe gunia tupu azoee kufungwa kamba. Mzigo usubiri meno ya pembeni yabadilike, na hata hapo uanze mdogo.

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Nilimjua, ile ilikuwa namna yake ya kuitikia mahubiri.

Matokeo yangu yalitoka, nikaona hayatoshi kunipeleka mbele. Shangazi alichinja kuku siku ile, paja akaniwekea mimi. Masika ikapita. Kiangazi kilipoingia kisima cha karibu kikaanza kutoa tope, halafu kikaacha kutoa hata tope, ikabidi maji yafuatwe kwenye lambo, bwawa la kuchimbwa lililokuwa mbali, njia ya mawe na makorongo. Bi Mkubwa alikwenda na kurudi kwa majuma kadhaa. Kisha akaanza kuchechemea. Ukwato wa mbele ulikuwa umepasuka kuanzia chini hadi karibu na nyama, na Yeyo aliyekuja kuutazama alisema utapona, lakini ukwato haushonwi, hukua kama kucha, na wakati wote huo asibebe kitu.

Ndipo maneno ya mezani yalipopata nafasi. Maji ya kununua kwenye trekta yalikuwa ghali mno kwa mtu anayeuza ugali, na bila maji mgahawa ulikuwa unafungwa. Shangazi alizunguka siku nzima bila kuketi. Jioni, tukila makoko ya ugali kwa chai, akaniambia ameshapata njia ya katikati, na nikiri kwamba nami niliiona ni ya huruma. Chausiku atabeba madumu mawili tu, moja kila upande, na yatajazwa nusu. Atakuwa amebeba uzito mdogo kabisa. Yeyo alipoambiwa asubuhi alisema kama ni hivyo labda, mradi asiongezewe. Kwa hiyo tulikubaliana sote watatu, wanawake watatu wenye akili timamu.

Chausiku alikubali gunia, alikubali kamba, na alipokuwa na madumu matupu alitembea vizuri hadi lambo akifuata mkono wangu. Nilipomfungia yale ya nusu na kuanza kurudi, nikaona masikio yake yamelala. Kila alipopiga hatua maji yalikimbilia mbele, yakagonga, yakarudi nyuma, yakagonga tena. Aliposimama ili sauti ikome, maji yaliendelea kumsukuma ubavuni. Alitembea upande upande kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Tulipoanza kushuka korongoni maji yote yalikwenda mbele kwa mkupuo, mzigo ukamsukuma shingoni, ukapinda, kamba ikateleza chini ya tumbo, na Chausiku akakimbia huku dumu moja likimpiga miguu ya nyuma. Nilimkuta ng'ambo akitetemeka, amechunika begani, madumu yamepasuka juu ya mawe na ardhi imekwishayanywa maji.

Jeraha lilipona upesi. Tulichokiharibu kilikuwa kingine. Tangu siku ile Chausiku hakukubali kitu chochote mgongoni. Ukimkaribia na gunia alikugeuzia makalio, na aliposikia tu dumu likiburuzwa alikwenda kusimama nyuma ya mama yake. Shangazi alimtazama hivyo siku tatu nne, kisha akatuma neno kwa dalali mmoja wa Sindeni aliyekuwa akinunua punda na kuwapeleka mnadani. Punda wa maji asiyebeba maji ni mdomo tu, alisema. Auzwe, fedha itafute mwingine aliyekwishaiva. Yeyo alipolisikia hilo aliacha chai yake katikati. Punda aliyeogopa mzigo, alieleza, akifika mnadani hanunuliwi na mwenye subira, hununuliwa kwa bei ya chini na mtu mwenye fimbo.

Wakati huo maji tulikuwa tunayabeba wenyewe kichwani, shangazi na mimi, alfajiri na alasiri. Kila mwanamke aliyebeba ndoo anajua kuchuma majani na kuyaweka yaelee juu ya ndoo ili maji yasirukeruke, nami nilikuwa nikifanya hivyo tangu utoto bila kufikiri kwa nini. Siku moja foleni ya lambo ilikuwa ndefu, nikapata nusu ndoo tu, nikaona nisichume majani kwa kitu kidogo kama hicho. Sikufika mbali. Ile nusu ndoo ilinilowesha mabega, ikanivuta shingo kulia na kushoto, na kunichosha kuliko ndoo iliyojaa. Nikaitua njiani na kukaa juu ya jiwe. Shuleni tuliwahi kuandika insha juu ya methali isemayo debe shinda haliachi kutika, yaani lisilojaa halikosi kutikisika, na nilieleza kwa kurasa mbili habari za watu wajuaji wasiojua kitu. Mwalimu alinipa alama nzuri. Hakuna kati yetu aliyefikiri juu ya debe.

Nilimweleza Yeyo asubuhi iliyofuata. Alinisikiliza, akaomba dumu la nusu, akalitikisa karibu na sikio lake, akalitikisa tena. Wao, alisema, hupakia ngozi, vibuyu, fito za nyumba, vitoto vya mbuzi. Vyote hukaa kimya. Hakuwahi kupakia kitu kinachotembea chenyewe. Akacheka kwa mkono mdomoni. "Tulimpa mzigo wenye miguu," akasema. Shangazi yeye hakucheka. Alichukua lile dumu na kwenda nalo nyuma ya nyumba, nikamwona kwenye pengo la mbao amelishika kiunoni, anatembea hatua chache, anasimama, anasikiliza.

Dalali alikuja siku hiyohiyo alasiri, kama alivyoahidi. Nilikuwa chumbani, na maneno yao yakanifikia yote. Alikuwa mtu mcheshi, alimsifu shangazi, aliisifu chai, kisha akaanza kumponda Chausiku ili bei ishuke: mwembamba wa kifua, mwoga, mshenzi. Shangazi alimwacha amalize. Nilisikia sufuria ikifunikwa.

"Simuuzi," akasema.

Dalali akamwuliza basi atamfanyia nini punda asiyebeba, na mgahawa utakula nini.

"Baba yangu alikuwa mkata mkonge," shangazi akasema. "Kabla kifua hakijaota nilikuwa nabeba kuni za kambi nzima. Watu walinisifu, binti yule ana nguvu. Nguvu nilikuwa nazo. Mgongo ndio sikuwa nao bado, na mpaka leo nikiinama kuchochea moto naomba Mungu aninyanyue. Huyu atangoja. Kama ni kufunga, nitafunga meza, sifungi mgongo wa mtu."

Alisema mtu. Dalali hakumsahihisha. Alimaliza chai yake, akasema mama ana maneno, akaondoka na baiskeli yake. Nilibaki nimekaa kitandani na maharage mapajani. Nilikuwa nimemwona shangazi akilala chali sakafuni kila mchana baada ya wateja, miguu juu ya gunia, na siku zote nilidhani ni uvivu wa watu wazima.

Kesho yake alifunga ugali. Si mgahawa, ugali tu na vyote vinavyofuatana nao: maharage, mboga, masahani. Ilibaki chai na mihogo ya kuchoma inayoliwa kwenye gazeti, ili kusiwe na kitu cha kuosha zaidi ya vikombe. Madereva walilalamika kama waliofiwa. Yule wa Tanga alisema amesimamisha lori zima kwa ajili ya maharage, sasa anapewa muhogo kama nyani. Shangazi alimjibu kwamba nyani huvuna mwenyewe, yeye anakaa kwenye benchi. Wengi walihamia vibanda vingine. Waliobaki walitosha kununulia unga wetu na pumba za Chausiku, na usiku tulilala mapema kwa sababu hapakuwa na cha kuhesabu.

Tukaanza upya na kitu kisichosema neno. Gunia tupu lilikaa juu ya Bi Mkubwa kwanza, mbele ya macho ya binti yake, mpaka Chausiku akalinusa na kulitafuna pembe. Kisha likalala mgongoni kwake bila kamba, likaanguka, likarudishwa. Yeyo alikuwa akija na maziwa na kubaki hadi jua linapokuwa kali, akimkuna Chausiku shingoni na kumwimbia kitu cha kwao kwa sauti ya chini, na hakuruhusu mtu mwenye haraka akae karibu, hata mimi siku nilipoamka vibaya. Baada ya kamba tukaweka magunzi ya mahindi, mepesi na yenye kelele kidogo. Tukampeleka njia ya lambo na magunzi yake, mama yake akichechemea mbele bila mzigo. Korongoni aligoma. Tukakaa pale. Shangazi akatoa muhogo kwenye upindo wa khanga, tukala watatu, punda wakala maganda, na jua likapanda. Yeyo na shangazi wakaanza kusemana habari za wakwe zao. Katikati ya maneno hayo Chausiku alishuka korongo mwenyewe, akasimama ng'ambo akitutazama, kama sisi ndio tuliochelewa.

Maji aliyabeba mara ya kwanza kwenye vidumu vya mafuta ya kula, vile vidogo, kimoja kila upande, vimejazwa mpaka mdomoni na kufungwa na kipande cha nailoni chini ya kifuniko ili pasibaki hewa. Kabla ya kuvifunga shangazi alikitikisa kila kimoja sikioni. Vilikaa kimya. Havikuwa kitu, mimi peke yangu ningevibeba mkononi, na mtu aliyepita na baiskeli alituuliza kama punda ni mgonjwa. Meno ya pembeni yalikuwa bado. Tulikubaliana kwamba hadi yabadilike hataongezewa, na hakuongezewa.

Huwa najiuliza kama nilizunguka nchi hii kwa sababu ya mwaka ule au licha yake. Yule kijana wa pikipiki alioa kwingine, na siku shangazi yake alipokuja kuniulizia, wangu alimwambia binti bado anakua mgongo, mama wa watu akaondoka akidhani nina maradhi. Mimi nilicheka chumbani mpaka nikajifunika mto. Sikujua wakati ule kuwa nimepewa kitu ambacho wasichana wengi wa barabara ile hawakupewa, nacho ni muda. Niliutumia vibaya, niliutumia vizuri, lakini ulikuwa wangu.

Vuli ilirudi. Kisima cha karibu kikaanza kujaa, ufa wa ukwato wa Bi Mkubwa ukawa umeshuka karibu wote, na asubuhi moja Yeyo alifungua mdomo wa Chausiku, akanionyesha kwa kidole. Jino moja la pembeni lilikuwa limeng'oka, mahali pake pana ukingo mpya unachomoza. Jingine lilikuwa linacheza. Shangazi alikuja kutazama, akifuta mikono kwenye khanga, akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaingia ndani na kutoka na vidumu vya ukubwa wa kati.

Nilikwenda na Chausiku kisimani mwenyewe. Alisimama wakati wa kufungiwa, masikio mbele. Tuliporudi alitembea katikati ya njia, hatua zake fupi na za sawa, na mama yake akamfuata nyuma, akichelewa kula majani. Nilimimina maji ndani ya pipa mbele ya shangazi, na pipa likafika mahali ambapo halikuwa limefika tangu kiangazi. Lori lilikuwa limesimama barabarani. Yule dereva wa Tanga alishuka, akachungulia juu ya mabanzi kwa mazoea, akauliza bila matumaini kama leo pia ni mihogo.

Shangazi alilitupia pipa jicho. Aliinama, mkono mmoja kiunoni, akaivuta sufuria kubwa ya ugali kutoka chini ya meza, akaifuta utando wa buibui na kunipa nikaioshe kwa maji mawili.

"Kaa," akamwambia.